UZI: Kuigiza manabii, kuchora mitume, na ile kauli ya "alijitakia"

Karani wa Kondele

Wanajukwaa, salamu kutoka Kisumu. Kila klipu ya kijana anayeigiza nabii wa mafuta ya upako ikisambaa, iwe imetoka hapa, Nakuru au Bungoma, maoni huanza na kicheko. Baada ya dakika mbili anatokea mtu na "huyu atakiona cha mtema kuni". Na kukiripotiwa popote duniani kwamba mchekeshaji au mchoraji ameuawa kwa ajili ya dini, hakosekani wa kuandika "mwiba wa kujidunga hauambiwi pole".

Naomba tuipime kauli hiyo kwa ushahidi. Wanasheria, wachoraji, viongozi wa dini na watu wa habari mko humu, njooni na vifungu, tarehe na ufundi wenu. Stori za binamu yako na jirani yako ziweke kando leo.

Nianze na Paris, maana hutajwa kila mara na aghalabu hutajwa vibaya. Tarehe 7 Januari 2015 ndugu wawili, Saïd na Chérif Kouachi, walivamia ofisi za gazeti la dhihaka la Charlie Hebdo, lililokuwa limechapisha katuni za Mtume, na kuua watu 12. Wachoraji kati yao walikuwa 5: Charb, Cabu, Wolinski, Tignous na Honoré. Hao 7 wengine ni mwanauchumi na daktari wa akili waliokuwa na safu zao gazetini, msahihishaji prufu Mustapha Ourrad aliyezaliwa Algeria, mgeni aliyealikwa kikaoni, fundi wa matengenezo ya jengo, askari aliyepewa kazi ya kumlinda Charb, na polisi wa doria Ahmed Merabet, Mwislamu, aliyemaliziwa akiwa chini tayari amejeruhiwa. Anayesema "walichora wakajitakia" aniambie fundi wa jengo alichora nini.

Bodaboda wa Bondeni

Karani, leo acha mimi niwe mbaya wenu, kwa sababu najua wote mtaandika kitu kimoja.

Hakuna anayesema fundi alistahili. Tunasema mchoraji alijua. Ofisi za gazeti hilo zilichomwa kwa bomu la petroli Novemba 2011. Mhariri alikuwa anatembea na mlinzi wa polisi. Alijua, na akaendelea. Sawa, shingo ni yake. Lakini toleo la 14 Januari 2015 lilipotoka na mchoro mwingine wa Mtume, ghasia zilizuka Niger. Watu 10 walikufa, Zinder na Niamey, na makanisa 45 yakachomwa Niamey pekee. Mkristo wa Zinder hakununua gazeti hilo wala hakujua linauzwa wapi. Wa Paris alikopa kwa jina la wa Zinder bila kumwuliza, na deni likadaiwa Zinder.

Hata Papa Francis, akiwa ndegeni kwenda Manila wiki hiyo hiyo, alisema mtu akimtukania mama yake atarajie ngumi. Kama Papa alielewa, mimi ni nani? Mtu akikashifu dini ya wenzake redioni hapa Nakuru, atakayevunjiwa kibanda si yeye, ni muuza mitumba asiye na habari. Nijibuni hapo, na msiniletee "uhuru wa kujieleza" kama wimbo wa taifa.

Wakili Milimani

Hoja ya Bondeni ni nzito kuliko anavyoiandika, kwa hiyo nitaijibu kwa vifungu. Kenya tumeshaandika nini ni uchokozi na nini si uchokozi. Watu hawafungui tu Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63.

Kifungu cha 207 kinasema aliyeua kwa hasira ya ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia badala ya hatia ya mauaji. Kifungu cha 208 kinaeleza uchokozi wenyewe: tendo baya au tusi la kiasi cha kumpokonya mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, alilofanyiwa yeye mwenyewe, au alilofanyiwa mbele yake mtu aliye chini ya uangalizi wake, mke au mume, mzazi, mtoto, ndugu, bwana au mtumishi wake. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba tendo halali si uchokozi.

Vipande ni vitatu, na vyote lazima viwepo: tusi limfikie huyo muuaji au mtu wake wa karibu, iwe ghafla, na asiwe amepata muda wa kupoa. Jaribu kuvipachika kwa mwandishi Salman Rushdie. Kitabu chake, The Satanic Verses, kilitoka Septemba 1988. Amri ya Khomeini, kiongozi wa Iran, ya kuuawa kwake ni ya 14 Februari 1989. Aliyemdunga kisu Chautauqua, jimbo la New York, tarehe 12 Agosti 2022, alikuwa na umri wa miaka 24, yaani hakuwa amezaliwa kitabu kilipotoka, na aliliambia gazeti moja la huko kwamba alisoma kurasa kama mbili. Ghafla iko wapi katika miaka 33? Alifungwa miaka 25, Mei 2025.

Na huo "uchokozi" hata ukikubaliwa kortini hauleti "alijitakia". Mshtakiwa anatoka kifungu cha 203 na kuingia cha 202, ambako adhabu ya juu kabisa bado ni kifungo cha maisha chini ya kifungu cha 205. Hakuna hatua yoyote ambapo lawama inahamishiwa kwa maiti.

Sasa linganisheni adhabu. Kifungu cha 138: kuandika au kutamka neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine ni kosa dogo, kifungo cha hadi mwaka 1. Kwa hiyo wanaodhani Kenya hatuna sheria ya aina hiyo, tunayo. Kifungu cha 96: kuandika maneno yanayoashiria kwamba ni vema mtu auawe au ajeruhiwe, hadi miaka 5. Kifungu cha 223: kumtumia mtu kitisho cha kuua, hadi miaka 10. Yule aliyeandika "atakiona cha mtema kuni" pengine anatania. Anayeandika "huyu achomwe, anakaa karibu na stendi" amejiweka pabaya mara tano kuliko mwigizaji mwenyewe, na ushahidi ameuchapa kwa simu yake.

Kuna pia kifungu cha 21, nia ya pamoja. Mkishika njia watu thelathini kwenda "kumfunza adabu" mtu na akafa, anayebeba tairi na anayebeba kiberiti hawatofautishwi sana.

Bodaboda wa Bondeni

Wakili, umenijibu muuaji. Sikuuliza habari za muuaji, huyo afungwe. Niliuliza mchoraji na mtu wa Zinder.

Wakili Milimani

Haki yako. Kisheria, tendo la hiari la mtu mzima aliyeamua kuchoma kanisa hukata mnyororo kati ya mchoro na moto. Kimaadili hapo wengine watakusaidia kuliko mimi. Ila angalia matokeo ya kanuni yako. Ukisema "usitende jambo ambalo mtu mkali atalipiza kwa asiye na hatia", mwenye kuamua kipi kiruhusiwe nchini ni yule mkali kuliko wote. Watulivu wakichorwa hawana kura.

NyarAhero

Mimi kazi yangu ni mitandao, kwa hiyo nitajibu kwa namna habari inavyosafiri. Kila mtu humu anadhani mchoro hutoka, watu wanauona, wanakasirika, wanachoma. Sivyo inavyokwenda.

Gazeti la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha katuni 12 zilizomhusu Mtume tarehe 30 Septemba 2005. Tarehe 17 Oktoba, katikati ya Ramadhani, gazeti la Misri la Al Fagr likachapisha baadhi ya katuni zile zile, Cairo hapo. Hakuna ubalozi uliochomwa. Balozi za Denmark na Norway huko Damascus zilichomwa 4 Februari 2006. Miezi minne katikati kulitokea nini? Ujumbe wa maimamu kutoka Denmark ulizunguka Mashariki ya Kati Desemba ukiwa na faili la kurasa 43. Ndani ya faili mlikuwemo picha ambazo gazeti halikuwahi kuzichapisha, mojawapo ya mtu mwenye ndevu na pua ya nguruwe ya plastiki. Picha hiyo ilipigwa kwenye shindano la kuiga milio ya nguruwe kijijini Ufaransa, haikuhusu dini yoyote. Kisha serikali zikaona kuna faida ya kisiasa.

Twende 2020. Mwalimu Samuel Paty alifundisha somo la uhuru wa kujieleza kwa kuonyesha katuni za Charlie Hebdo, mwanzoni mwa Oktoba, Conflans-Sainte-Honorine, Ufaransa. Msichana mmoja akamweleza babake mambo ya darasani. Darasani hakuwepo, alikuwa amesimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu. Baba akarekodi video, akataja shule. Mwanaharakati akaongeza yake. Kijana wa miaka 18 kutoka Évreux, mji mwingine kabisa, akaiona, akaja, akawalipa wanafunzi wamwonyeshe mwalimu, akamchinja tarehe 16 Oktoba. Siku kumi tangu somo. Muuaji hakuwahi kuwa mwanafunzi wake. Desemba 2024 mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu 8, baba akiwemo.

Mardan, Pakistan, 13 Aprili 2017: mwanafunzi Mashal Khan aliuawa na umati chuoni kwa tuhuma za kukufuru mtandaoni. Wachunguzi hawakupata ushahidi wowote wa kufuru. Walichopata ni kwamba alikuwa akiukosoa uongozi wa chuo.

Ukizipanga kesi hizi kando kwa kando utaona vitu vinne vinavyojirudia: kazi yenyewe haisafiri, kinachosafiri ni maelezo yake. Katikati yupo mtu mwenye ugomvi mwingine. Kuna jina na mahali pa kumpata mlengwa. Na anayepiga hakuwahi kukutana na kazi hiyo. Ondoa la tatu, jina na mahali, na mara nyingi hasira hubaki hasira.

Kwa hiyo Bondeni, ukitafuta aliyekopa kwa jina la mtu wa Zinder, usianze na mwenye kalamu. Anza na aliyebeba faili.

Ustadh wa Mumias

Bismillahi. Nitasema kifupi, kwa kuwa mambo haya hupotoshwa na pande zote mbili.

Dhihaka kwa Mtume (s.a.w.) inauma, na asiyeumwa nisingemwamini. Lakini Qurani imeitaja hali hiyo waziwazi na kutoa hatua. Surat An-Nisaa aya ya 140: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zikikanushwa na kufanyiwa stihizai, msikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Hatua ni kuondoka. Na aya haisemi usirudi kamwe, inasema mpaka wabadilishe mazungumzo. Surat Al-An'am aya ya 108 inatukataza sisi kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya kujua.

Nitakuwa mkweli: vitabu vya fiqhi vya kale vina adhabu kali kwa mwenye kumtukana Mtume, na anayewaambia hakuna anawaficha. Lakini wanavyuoni hao hao waliiweka mikononi mwa kadhi na mtawala, baada ya ushahidi na nafasi ya kutubu ambayo madhehebu yalitofautiana juu yake. Hawakumpa kijana wa kijiweni. Na hapa Kenya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, anashughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kwenda kwake. Jinai hana. Basi anayejipa kazi hiyo Mumias au Bondeni hana mamlaka ya Katiba wala ya fiqhi anayodai kuitetea.

Halafu ndugu zangu, tusidanganyane kwamba wanaolipiza wanalipiza dhihaka. Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni. Wengi walikuwa wamelala. Nani alichora?

Pasta wa Njoro

Amina Ustadh. Sisi Wakristo tusikae pembeni kama watazamaji.

Mambo ya Walawi 24:16 inaamuru kupigwa mawe kwa anayelikufuru jina la Bwana. Na dhihaka ya dini yenyewe imo ndani ya Biblia: 1 Wafalme 18:27, Eliya anawafanyia mzaha manabii wa Baali, mwiteni kwa sauti kubwa, labda yuko safarini, labda amelala. Katika habari hiyo aliyedhihaki ndiye aliyeua, mstari wa 40, kijito cha Kishoni. Sijawahi kusikia mahubiri yanayokaa hapo kwa dakika mbili.

Na Paris hiyo hiyo, Oktoba 1988, Wakatoliki wenye msimamo mkali walichoma jumba la sinema la Saint-Michel kwa sababu ya filamu kuhusu Yesu. Zaidi ya watu kumi walijeruhiwa. Walikuwa wamekaa wanatazama.

Sasa ya nyumbani. Yule wa Tongaren, Bungoma, anayejiita Yesu. Kuelekea Pasaka 2023 mitandao ilijaa mzaha wa kumsulubisha. Mei mwaka huo, baada ya kufichuka vifo vya waumini waliofunga kula hadi kufa msituni Shakahola, polisi walimkamata, na mahakama baadaye ikamwachilia. Mkristo wa kawaida anaona yule mzee ndiye anayekufuru. Yule mzee, akisoma mzaha wa misumari, anaona yeye ndiye anayekufuriwa. Kila mmoja ana "hisia za kidini" za kifungu cha 138 cha Wakili. Nani angemlaumu nani kama kichaa mmoja angefika kwake na nyundo kweli? Nina hakika kabisa "alijitakia" ingeandikwa, na ingeandikwa na waumini wangu.

Ila msiniambie manabii wasichekwe. Shakahola zilifukuliwa maiti zaidi ya 400. Sina imani kwamba kichekesho kingewaokoa, lakini unyamavu tuliujaribu.

Kalamu ya Kibuye

Nimesubiri mtu aulize ufundi, hakuna, basi nalazimisha.

Kibonzo cha dini kina sehemu tatu: mlengwa, alama inayomtambulisha, na kitendo anachochekwa nacho. Makosa karibu yote hutokea sehemu ya pili. Unataka kumchora nabii tapeli, unampa kanzu ya rangi na msalaba mkubwa kifuani kwa sababu ni rahisi kumtambua. Kisumu hapa umeshachora waumini wa kanisa la Legio Maria wote. Nakuru ukimpa kilemba cheupe umechora waumini wa Akorino wote. Mlengwa alikuwa mmoja, umempiga kila anayevaa.

Marekebisho: hamisha utambulisho kutoka vazi kwenda kwenye kitendo. Nambari ya kutuma pesa iwe kubwa ukutani kuliko msalaba. Chupa ya mafuta iwe na bei. Mwombaji aliyeanguka aonekane akichungulia kwa jicho moja kama kamera bado inamulika. Sasa anayechekwa ni mfanyaji, na muumini wa kanisa hilo hilo anaweza kucheka bila kujiona msaliti.

Jaribio la kufanya kabla ya kutoa: futa maneno yote kwenye mchoro, waonyeshe watu watano wasio marafiki zako, wawili kati yao wawe wa dini inayohusika, uliza swali moja tu: "anayechekwa hapa ni nani?" Wakijibu "yule jamaa wa pesa", toa. Hata wawili wakijibu kwa jina la dini, rudi mezani. Usiwaulize kama inachekesha, watakudanganya.

Kwa video: jina la kipindi, tarehe na neno "maigizo" viandikwe ndani ya picha, juu kushoto, vidumu mwanzo hadi mwisho. Chini TikTok inaweka maandishi yake na kulia kuna vitufe, vitafunikwa. Maelezo uliyoandika nje ya picha hayafiki WhatsApp hata siku moja. Na utani usiutegemeze kwenye dakika ya mwisho, kwa sababu klipu itakatwa, na itakatwa mahali pabaya kuliko pote. Usirekodi mbele ya nyumba yako wala kwenye duka la mwenzio ambalo bango lake linasomeka.

Mchoro wa Kurt Westergaard, mmoja wa wachoraji wa zile katuni za Jyllands-Posten, bomu ndani ya kilemba, ndio mfano wa darasani wa kosa la sehemu ya pili. Alieleza kwamba aliwalenga magaidi wanaotumia dini. Lakini alama aliyochukua ni ya Mtume, kwa hiyo aliyepigwa ni kila Mwislamu, na maelezo ya baadaye hayabandikwi kwenye katuni. Nikiwa mhariri ningeirudisha. Tarehe 1 Januari 2010 mtu alivunja mlango wake Aarhus akiwa na shoka, mjukuu wa miaka 5 akiwa ndani. Huyo hakuwa amekuja kuhariri.

Bodaboda wa Bondeni

Kalamu, hapo umesema kitu. Kwa hiyo unakubali kwamba mchoraji anaweza kukosea.

Kalamu ya Kibuye

Anaweza kukosea, kuboronga, kuwa mbaguzi, kuwa mpumbavu. Nimesoma watu wakidai Charlie Hebdo lilikuwa likiwaandama Waislamu kila wiki. Majalada yake ya miaka kumi, 2005 hadi 2015, yalihesabiwa na wanasosholojia wawili katika gazeti la Le Monde: majalada 523, yaliyohusu dini 38, yaliyohusu Uislamu 7. Unaweza bado kuyachukia hayo 7. Mimi yapo nisiyoyapenda, na baadhi kwa ufundi ni kazi ya kivivu. Hilo nitalisema wakiwa hai au wakiwa wamekufa. Ninachokataa ni lile neno "lakini" linaloingizwa siku ya mazishi.

Dawati la Usiku, Kakamega

Hilo "lakini" huzalishwa kwenye vyumba vya habari, kwa hiyo acha nieleze linavyoingia.

Kichwa cha kwanza huja hivi: "Auawa baada ya kukashifu dini." Sentensi hiyo imeshafanya mambo matatu mabaya. Imewatoa wauaji kabisa, haina mtendaji. Imethibitisha kukashifu kama jambo lililotokea. Na "baada ya" inasomwa kama "kwa sababu ya". Andika: "Umati wamuua mwanafunzi, waliokuwepo wadai alikashifu dini." Ni ndefu kidogo, inatosha kwenye ukurasa.

Kisha mwili wa habari. Aya ya kwanza ni nani aliua, wapi, lini, polisi wamekamata wangapi. Madai ya kufuru yasipande juu ya aya ya tatu, na yaandikwe na chanzo chake: nani amesikia kwa masikio yake, nani ameambiwa. Kama hakuna nakala iliyopatikana, sema hakuna nakala iliyopatikana. Usirudie tusi lenyewe neno kwa neno wakati watu bado wamekusanyika. Usitaje kijiji wala ukoo wa marehemu siku ile, maana familia bado ina nyumba. Na usimpigie kiongozi wa dini kumwuliza "je, alichosema marehemu ni kufuru?" Mwulize "unawaambia nini waliokusanyika sasa hivi?" Jibu la swali la kwanza ni hukumu juu ya maiti, hata akijibu kwa upole.

Redioni ni hatari zaidi. Kipindi cha simu kiwe na mtambo wa kuchelewesha sauti, sekunde 7 kwa uchache, na fundi wa zamu aambiwe mapema nani ana ruhusa ya kukata. Lugha za mama ndizo hupita, kwa sababu mhariri wa zamu si lazima aijue lugha ya kila mpigaji.

Sokoto, Nigeria, Mei 2022, ndio mfano wangu. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu alipinga ujumbe wa kidini kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya masomo, akatuma sauti, akatolewa kwenye chumba alikofichwa akapigwa na kuchomwa. Magazeti mengi yalianza na sauti ile. Washukiwa wawili walipofikishwa kortini walishtakiwa kwa njama na kuvuruga amani. Mauaji hayakuwemo kwenye hati. Sisemi vichwa vya habari viliandika ile hati ya mashtaka, ila vilikuwa vya aina moja.

Na tusijifanye ni Nigeria tu. Oktoba 2021, Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Hawakuigiza chochote wala kumcheka yeyote. Bado "tuhuma za uchawi" zilitangulia wauaji kwenye vichwa.

Bodaboda wa Bondeni

Nimewasoma. Nitaachia nusu. "Mwiba wa kujidunga" naurudisha, kwa sababu mwiba haukukata shauri kumdunga mtu. Lakini nusu nabaki nayo: mwenye kipaza sauti mjini ana wajibu kwa jirani atakayelipia, na msipomwambia kabla, msijifanye mnamtetea baadaye.

Wakili Milimani

Kabla, mwambie. Hata kwa ukali. Ibara ya 33 ya Katiba, ile ya uhuru wa kujieleza, haimlindi mtu dhidi ya kuambiwa kazi yake ni mbovu. Mwandikie mhariri, susia kipindi, mpeleke kortini kwa 138 ukitaka, japo nitamtetea yeye. Tofauti yetu ndogo iliyobaki ni ya saa. Onyo la Jumatatu ni ushauri. Ukilirudia Ijumaa karibu na jeneza, umeshakaa upande wa mashtaka dhidi ya marehemu, na mshtakiwa halisi anakushukuru.

Bodaboda wa Bondeni

Ya saa naichukua. Papa je?

Pasta wa Njoro

Papa katika mazungumzo yale yale alisema kuua kwa jina la Mungu ni upotovu. Kipande cha ngumi ndicho kilichosafiri. Mwulize NyarAhero kwa nini.

Mjukuu wa Webuye

Nimefika kwa kuchelewa. Swali la vitendo: grupu yangu ya kijijini ina klipu ya kijana anayeigiza mchungaji, na chini yake watu wameanza kuandika anakoishi. Mimi ndiye admini. Nifute yote?

NyarAhero

Usifute kwanza. Fuata hivi, ni kazi ya dakika kumi:

Funga grupu ili maadmini pekee waandike. Iko kwenye mipangilio ya grupu, watu hawatatolewa, watanyamaza tu. Kisha rekodi skrini ukipanda polepole kutoka ujumbe wa mwisho hadi wa kwanza, na ubonyeze kila jina linalotisha ili nambari yake ionekane. Picha moja moja za skrini hazitoshi, wakili wa upande wa pili atasema umechagua. Halafu hamisha gumzo lote kwa barua pepe yako, pamoja na faili za sauti. Video yenyewe ukiituma kwa mtu wa kuihifadhi, itume kama hati na si kama video, kwa sababu ukituma kama video inabanwa na kupoteza ubora.

Ukishahifadhi ndipo ufute ujumbe unaotaja makazi, ufute kwa wote. Klipu yenyewe iache au uifute, si muhimu sana, hatari iko kwenye anwani.

Mpigie kijana, au mtu wake, umwambie mahali pake pametajwa. Usimhubirie kuhusu klipu. Alale kwingine usiku huo.

Wakili Milimani

Niongeze: nenda kituoni na hiyo rekodi, ripoti kitisho chini ya 223, na usitoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Andika jina na cheo cha askari aliyekuandikia. Simu uliyorekodia usiibadilishe wala kuisafisha, kwa maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha anayeweza kueleza kifaa na namna nakala ilivyopatikana, na huyo atakuwa wewe. Kama wameshaanza kukusanyika, OB isubiri, piga 999 au 112.

Mjukuu wa Webuye

Nimefunga grupu. Kuna wazee wawili wamenipigia tayari kuuliza kwa nini namtetea mtukanaji.

Ustadh wa Mumias

Waambie umefunga grupu, hujafungua kesi. Na kama mmoja wao ni mzee wa kanisa, mpe simu Pasta aongee naye, wanasikilizana vizuri kuliko utakavyoweza wewe.

Pasta wa Njoro

Nitumie nambari inboksi. Si hapa ukutani.